Shamba la Mwisho Kufikiwa na Ngoma

Jembe lililompiga Ngassa halikuwa la adui. Lilikuwa la Maduhu, rafiki yake, tena lilirushwa kwa mbwembwe, kwenye mashindano ya bugobogobo pale Mhunze, Sabasaba ya mwaka sitini na nane. Hiyo ni ngoma ya wakulima: majembe yanarushwa juu, yanadakwa, yanarushwa tena. Maduhu alirusha lake, akageuka kuwatazama wasichana, na mpini ukatua kwenye kisogo cha Ngassa, mpiga ngoma wao.

Mganga wa zahanati alimchunguza macho, akasema mfupa haukuvunjika ila ubongo umetikisika, na dawa yake ni kutulia. Ngassa akatulia Julai nzima na Agosti yote. Kichwa ndicho kilichokataa kutulia. Jua lilimwingia machoni kama pilipili. Akimwona mbuzi, alimwita kikapu. Akisimama haraka, nyumba ilimzunguka. Baya zaidi lilikuwa ngoma. Mtu akigonga sufuria tu, Ngassa alijikunja na kutapika, yeye ambaye watu walisema alianza kupiga ngoma akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Novemba mvua ikaja. Kikundi chao cha kulimiana, watu thelathini, kilikuwa na sharti la tangu enzi za mababu: bila ngoma hakiinui jembe. Na shamba la pamba la Ngassa lisipolimwa kabla ya katikati ya Desemba, msimu huo nyumba yake isingevuna kitu.

Limi, mkewe, akamwendea Maduhu.

"Shemeji, anzeni na mashamba ya kule mtoni. Mje polepole huku. Letu liwe la mwisho."

"Unataka tumzoeshe kama ndama na kamba?"

"Ndiyo. Si wewe uliyemwangusha?"

Kesho yake Maduhu akakipeleka kikundi mtoni.

Wiki ya kwanza ngoma ilisikika kutoka mtoni, nyembamba kama mbu. Ngassa aliivumilia hadi saa mbili asubuhi, kisha akajifunika blanketi. Wiki ya pili ilivuka kilima, naye akaivumilia hadi saa nne. Wiki ya tatu ikafika kwa jirani. Asubuhi moja alikuta vidole vyake vinagonga goti. Akavitazama kwa mshangao, kama wageni walioingia bila hodi.

"Mama Nkwabi," alimwita mkewe taratibu, "yule mbuzi anakula mahindi yako."

Limi alitoka mbio, lakini hakumfukuza mbuzi. Alisimama tu mlangoni, akimwangalia mumewe aliyemwita mbuzi mbuzi.

Siku ya shamba lao ikafika. Ngassa alisimama pembeni, kofia hadi kwenye nyusi. Makoye, aliyeshika nafasi yake, akapiga. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, jasho likamtoka Ngassa. Wa tatu, ardhi ikaanza kuinama upande mmoja. Ngassa akainua mkono.

Ngoma ikanyamaza. Majembe thelathini yakabaki yameinuliwa, na shamba lilikuwa limelimwa mistari mitatu tu. Kila mtu alijua sharti.

Maduhu akashusha jembe lake, pu. Akainua tena, pu, kwa mwendo uleule wa ngoma. Wa pembeni yake akamfuata, kisha mstari mzima.

Ngassa alikuwa amepiga ngoma miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo ngoma yake mwenyewe ilikuwa imeifunika sauti hii. Majembe thelathini yaliingia kwenye udongo mbichi kwa pamoja, na nchi ikaitikia kutoka chini, nzito, kama ng'ombe mkubwa anayepumua. Ilipanda kwenye nyayo, magoti, kifua. Ikafika kichwani, na kichwa kikaipokea. Alisimama mdomo wazi, akiogopa hata kumeza mate.

Maduhu alipopita karibu naye, alinong'ona, "Ngosha, mwanamume mzima unalia?"

"Nasikiliza. Lima."

Wakalima mpaka mwisho wa shamba.