Chumvi Kwenye Chai ya Jatmiko

Itangazwe kwa wote wenye masikio, kuanzia msikitini hadi kisimani: katika mwezi wa Ramadhani, Pramesti, mwanafunzi wa bweni mwenye umri wa miaka kumi na sita, alimponya kaka yake ugonjwa uliowashinda madaktari wawili.

Alipona siku tisa. Siku ya kumi kaka alifunika kisima kwa mlango wa jikoni, akasimama juu yake na jembe.

Tuanze mwanzo. Kabla sauti hazijaanza kumsemesha, kaka huyo, Jatmiko, alikuwa fundi wa kuiga mlio wa njiwa. Akikaa chini ya mlingoti wa mwanzi ambao kizimba cha njiwa wao hupandishwa juu yake kwa kamba kila asubuhi, akipiga mluzi, njiwa wa kijiji kizima humjibu. Alikuwa fundi pia wa kutia chumvi kwenye chai ya mdogo wake. Alipougua, Baba Mkubwa Sardono alimfunga miguu kwenye gogo lenye matundu mawili, nyuma ya jiko, miaka miwili. Muuguzi Wening ndiye aliyeleta vidonge na kuamuru afunguliwe. Tangu hapo Mama hulikalia gogo hilo akimenya vitunguu.

Pramesti aliporudi likizo alimkuta kaka ametulia mno. Mikono inatetemeka, mate yanamtoka, kila jibu ni "haya". Akamtilia chumvi kwenye chai ya kufuturu, vijiko vitatu vizima. Jatmiko akainywa mpaka mwisho.

"Asante, Pram," akasema.

Pramesti akaenda kulia bafuni, habari ambayo shuleni haijulikani na isijulikane.

Kesho yake akaanza tiba yake. Kumpa kaka vidonge baada ya kufuturu ilikuwa kazi yake, basi akampa vya vitamini, vyeupe vilevile. Vya kweli alivisaga akavichanganya na mtama wa njiwa, kwa kuwa bwenini wamefundishwa kwamba kutupa kitu ni israfu.

Siku ya tano mikono ya Jatmiko ikatulia. Siku ya saba akapiga mluzi.

"Mbona umenenepa hivyo?" akamuuliza. "Huko bwenini mnakula wali au mnakula walimu?"

Pramesti akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka minne alikuwa na hamu na mtu huyu. Kila jioni akaonja chai yake kwa uangalifu, akisubiri chumvi.

Badala ya chumvi kikaja kisima.

"Msinywe," Jatmiko alisema. "Wametia sumu. Wananiambia wenyewe, humo chini." Alikuwa anaogopa kuliko sisi wote.

Baba Mkubwa akaja na minyororo.

"Dawa tumeiona, imeshindwa," akasema. "Shemeji, inuka hapo."

Mama akainuka taratibu kutoka kwenye gogo, kitunguu bado mkononi.

Muuguzi Wening akafika kwa pikipiki. Kwanza alizungumza na Jatmiko, muda mrefu, kwa upole, mpaka jembe likawekwa chini. Kisha akahesabu vidonge.

"Vimepungua sawasawa, kwa hiyo anakunywa. Hapa sielewi." Akainua macho kwenye mlingoti. "Na huyo ndege naye ana nini?"

"Wiki nzima halii," Mama akasema. "Anasinzia tu."

Muuguzi akateremsha kizimba. Njiwa alikuwa amekaa chini, manyoya yamefutuka, jicho limefumba nusu. Wening akachovya kidole kwenye kikombe cha mtama, akautazama unga mweupe. Kisha akamtazama Pramesti.

"Kama kaka yako alikuwa ametulia kupita kiasi, dawa hupunguzwa," akasema. "Inaweza hata kubadilishwa. Ilitosha kuniambia tu. Sasa sema, binti, maana Baba yako Mkubwa ameshashika gogo."

Hapa msimulizi alikusudia kuandika kwamba Pramesti alisimama wima, akajibu kishujaa. Hakusimama. Alikuwa anaangalia vifundo vya miguu ya kaka yake, makovu mawili kama bangili, kisha akakaa chini.

Basi, sina tena pa kujificha. Pramesti ni mimi. Nilisema nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi: Baba Mkubwa, dawa haikushindwa. Dawa imeliwa na njiwa. Liache gogo, Mama akae. Mimi nilitaka tu anitilie chumvi.