Vidoti Juu ya Herufi E

...siyo hii, hii ni y yenye kimstari cha mshazari kichwani, nani kaiomba, labda namba imepinduka, ni tano kisha tatu au tatu kisha tano, na Mama Chapa akaifuta, yeye ambaye barua zote za ofisi hii zimepita mikononi mwake mpaka wakampa jina hilo, leo anahangaishwa na vidoti viwili, "Kitufe cha Alt usikiachie, dada, halafu namba za kulia, siyo za juu," fundi wa kompyuta alisema kutoka uvunguni mwa meza ya jirani, alikolala chali na nyaya zake, zinaonekana soli za viatu tu, "nimesikia," akamjibu, wenzao wote wameenda kula, kumebaki feni na soli za fundi, na kwenye kioo cha kompyuta salamu za mjukuu anayetimiza mwaka kesho, mjukuu ambaye hajawahi kumbeba, wa kumwona kwenye simu tu, jina lake lina o na e zinazofuatana, na hiyo e haikubali kwenda kichwa wazi, mara ya mwisho aliandika bila vidoti na mwanawe, huko ng'ambo aliko, akajibu mstari mmoja, Mama, jina lina vidoti, hata shikamoo hakuna, kisha kimya, kimya mpaka leo, kwa hiyo ni vidoti, ndivyo alivyojiambia kila alipoiangalia simu isiyolia, nimemharibia mtoto jina lake, nikilipatia atapiga... sifuri, mbili, tano... hapana, anza tena, lakini mkwe mwenyewe hakukasirika, si ndiye aliyemweleza, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, bila vidoti watu wa kwetu wanameza e," na yeye akashangaa, irabu inamezwaje, akalitamka jina kama lilivyo, o yake, e yake, kila moja na nafasi yake, mkwe akacheka kwa furaha, "Umelipatia, Mama! Huku hata daktari hulikosea!" kumbe alilipatia tangu siku ya kwanza, basi aliyekasirika ni nani, na kwa nini, mwanawe alikuwa palepale kwenye kioo cha simu, nyuma ya mkewe, bega lake lilionekana, hakusogea, hakuuliza hali, hakuuliza kaburi la baba yake limejengewa au bado... "Umeipata, dada?" "Bado," alisema, kaburi, hilo hapo, mbona akili yake hulizunguka kama dimbwi la maji njiani, siku ile walimsubiri mpaka jua likageuka, shemeji zake wakianza kunong'ona, ndipo simu ikalia, "Nimekosa ndege, Mama," sauti ya mtu aliyekaa kitako, siyo ya mtu anayekimbizana na ndege, yeye ndiye aliyemzaa, anaijua sauti yake akiwa anadanganya, na bado akamwambia haidhuru, mwanangu, haidhuru, akakata simu, akaenda kumzika mume wake bila mtoto wao pembeni, na tangu hapo wawili hao wanaongea habari za hali ya hewa, za meno ya mtoto, za vidoti, ee, za vidoti, watu wazima wawili wanagombania nukta kwa sababu jambo lenyewe hakuna anayethubutu kuligusa... sifuri, mbili, tatu, tano, akaachia, na e ikakaa pale na vidoti vyake juu, safi kabisa, akangoja moyo ufurahi, moyo ukakaa kimya, ilidhuru, akawaza, neno likamjia zito kama jiwe, ilidhuru, mwanangu, ilidhuru sana, ulimwachaje baba yako, uliniachaje mimi, "Imetokea?" fundi aliuliza, kidole cha Mama Chapa kimerudi juu ya Alt bila sababu, kishale kinawakawaka pembeni ya jina, uso unawaka moto, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa amemkasirikia mtoto wake waziwazi, hasira ya mama anayegombeza akiwa jikoni na mtoto yuko chumba cha pili, anasikia kila neno, na huwezi kumgombeza hivyo mtu aliye mbali, hapana, mtu huyo lazima awe karibu, na mwanawe, sasa hivi, alikuwa karibu.