Wawili kwenye Namba Moja

Khoat alivua kandambili mlangoni kwa Bi Luyen, akazipanga zielekee nje, akaingia na mkoba wake wa vifaa. Ilikuwa Jumatano, saa saba na nusu mchana, na ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi huo wa nane kuitwa kwa tatizo lilelile. Kicheza muziki cha Mzee Dam kilikuwa kinakata.

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, cheusi, ukubwa wa nusu tofali, na kilikaa juu ya friji karibu na kitanda cha mzee. Hakikuwa na kanda wala santuri. Kilivuta nyimbo kwa waifai kutoka kwenye diski ndogo iliyochomekwa nyuma ya ruta: nyimbo mia nne za cheo, maigizo ya kuimba ya Kivietinamu, zile zinazoimbwa kwenye nyua za mahekalu huko uwanda wa Nam Dinh. Thuan, mtoto wao wa pekee, ndiye aliyekinunua, mwaka ule alipoajiriwa kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa na baba yake akapigwa na kiharusi. Tangu hapo Mzee Dam hakusema tena. Chakula alikula pale tu cheo ilipokuwa inalia. Ikinyamaza, alifunga mdomo, na hakukuwa na wa kumfungua.

Sasa kila siku saa nane kasoro robo, Bi Luyen akiwa ameshika bakuli la uji, muziki ulikata. Ulirudi saa nane na dakika ishirini, uji umeshashika ngozi juu na mzee amelala. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa mitupu.

Mara ya kwanza Khoat aliitoa ruta nyuma ya friji, kwa kuwa friji humeza mawimbi. Mara ya pili alibadilisha waya, akahamisha chaneli isigongane na ya jirani, akazima kila kitu na kukiwasha upya, kazi ambayo ni nusu ya elimu yote ya ufundi huo. Hakuacha shule mapema ili aje ashindwe na redio.

"Baba mdogo, leo usiondoke kabla hakijakata," alisema Bi Luyen. Alikuwa amemzidi Khoat miaka kumi na tano, lakini alimwita kama mwanawe ambavyo angemwita, na ndivyo watu wa huko wanavyoitana.

"Siondoki, mama mkubwa. Leo nimekuja kukivizia kama mwizi wa kuku."

Neno mwizi lilipomtoka alitamani alirudishe. Bi Luyen alimmiminia chai, akasogeza sahani ya karanga za kuchemsha, akaenda kukoroga uji.

Khoat alikaa kwenye mkeka, akafungua kompyuta yake, akaita orodha ya vyombo vyote vilivyoshika neti ya nyumba ile. Vilikuwa vitatu. Simu ya Bi Luyen, kompyuta yake yeye mwenyewe, na kicheza muziki, ambacho alikipa namba maalumu ya kudumu siku alipokifunga, inayoishia na kumi na saba, ili ruta isikisumbue kila asubuhi kwa kukitafutia namba nyingine. Alikuwa ameyaandika yote kwenye kadi, jina la neti, nywila na ile namba, akaibandika ubavuni mwa friji. Kadi bado ilikuwepo, ina alama ya kidole cha mafuta.

Saa nane kasoro robo cheo ilikata. Kwenye orodha kikaongezeka chombo cha nne. Kilijiita Simu ya Thuan, na namba yake ilikuwa kumi na saba.

Khoat alitafuna karanga mbili kabla ya kusema.

"Mama mkubwa, simu ya Thuan iko wapi?"

"Iliungua naye. Walinipa kipande kwenye bahasha."

"Hiyo najua. Nauliza nyingine."

Bi Luyen alifikiri. "Nyingine nilimpelekea mwezi wa saba, siku ya mwezi mpevu. Simu, shati na jozi ya viatu. Vya karatasi nzuri, si zile za sokoni zinazochanika. Nilivichoma pale uani, moshi umfikishie huko aliko."

"Na uliandika nini juu yake?"

"Jina lake, kijiji, siku aliyofariki. Usipoandika vizuri, wale wafu wasio na wenyewe wananyakua njiani. Halafu nikaona, simu bila neti ina faida gani? Nikanakili kadi yako."

"Yote?"

"Mpaka nukta ya mwisho. Sikuwa najua ipi ya muhimu na ipi si ya muhimu."

Khoat alishusha pumzi, kama fundi anayekuta mwenye nyumba amegusa nyaya. "Nywila ilitosha. Namba ile ni ya redio. Sasa wako wawili kwenye namba moja, ruta haijui nani ni nani. Mzigo wa huyu inampelekea yule."

"Kwani ningemuuliza nani? Ulikuwa umepanda pikipiki yako umeshaondoka."

"Ungepiga simu. Hata hivyo afadhali wewe. Sisi baba mkwe tulimpelekea pikipiki tukasahau kofia. Mpaka leo anamjia mke wangu ndotoni kulalamika kwamba trafiki wa huko hawana huruma."

Bi Luyen alicheka kidogo kwa pua. Kisha akauliza alichokuwa amekishikilia tangu mwanzo. "Kwa hiyo yumo humu ndani?"

"Yumo kwenye neti. Kila siku saa hizi. Anashika, anakaa dakika thelathini na tano, anaachia."

"Anasema nini?"

Khoat hakuwa amelifikiria hilo. Kicheza muziki kilikuwa kimepangwa kusoma diski tu, kisipokee sauti kutoka kwenye simu ya mtu. Aliingia kwenye mipangilio yake, akaruhusu.

Kwanza ilitoka kelele ya mashine na maji. Kisha king'ora cha zamu ya saa nane, kile kinachosikika mpaka sokoni. Kisha sauti ya mwanamume akisoma majina haraka haraka, na watu wakiitikia kwa uchovu. Thanh. Nipo. Thao. Nipo. Thuan.

"Nipo," alisema Thuan.

Kitandani, Mzee Dam alifungua mdomo. Bi Luyen alikuwa na kijiko mkononi, akakitia.

Majina yakaendelea mpaka yakaisha. Kisha sauti ileile ikasema, "Thuan, nenda kaangalie boila, mshale unapanda."

"Mimi ni wa kukunja vitambaa, kaka. Fundi wa boila yuko wapi?"

"Hajaja. Nenda wewe, dakika tano tu. Au unataka nimtume mama yako?"

Watu wakacheka. Thuan naye alicheka. Zikasikika hatua, mlango wa chuma, kisha mvumo uliokuwa unakua polepole. Saa nane na dakika ishirini ukakatika. Cheo ikarudi pale ilipokuwa imeishia, katikati ya neno.

Bi Luyen alikwenda kuosha kijiko. Alikiosha muda mrefu.

Ripoti ya kiwanda ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa kioo langoni tangu ajali ya boila, na kila mtu wa eneo lile alikuwa ameisoma. Ilisema marehemu hakuwa kwenye zamu siku hiyo na aliingia chumba cha boila bila ruhusa, kwa nia isiyojulikana. Chumba cha boila kina mabomba ya shaba, kwa hiyo nia isiyojulikana ilijulikana na kila mtu. Hakuna aliyemwambia Bi Luyen usoni. Muuza samaki tu ndiye aliyeacha kumwita mama Thuan, akaanza kumwita bibi. Kumbukumbu ya mwaka wa kwanza ingekuwa mwezi wa kumi, na ndugu wangekuja kukaa kwenye sinia mbele ya picha ya mwanawe. Bi Luyen alitaka mstari ule ufutwe kabla ya siku hiyo. Hakuwa ameomba kitu kingine.

"Kesho twende," alisema Khoat. "Nitabeba ruta. Ilipo ruta, na yeye atakuwepo."

Alhamisi saa saba na nusu walikuwa ofisi ya utumishi, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama uwanja wa kiwanda. Bi Ngan, mwenye ofisi, aliwapa umeme na meza. Alikuwa mwanamke mpole, aliyefika mazishini na shada la maua. Khoat aliunganisha ruta, akaweka kicheza muziki juu ya faili.

Saa nane kasoro robo Thuan alishika neti.

Bi Ngan alisikiliza mikono imekunjwa. Iliposikika sauti ya msomaji wa majina, alifungua dirisha, akaita chini. "Kaka Toan, panda mara moja."

Msimamizi Toan alipanda, daftari la majina kwapani. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka pale pa "nimtume mama yako".

"Ni wewe?" aliuliza Bi Ngan.

"Ni mimi," alisema Toan. "Siku hiyo nilikuwa na mafua, sikia sauti ilivyoziba." Alimtazama Bi Luyen, kisha akatazama saa ya ukutani. "Shikamoo, mama mkubwa. Samahani, zamu inaanza."

Alishuka. King'ora cha siku hiyo kilikuwa kimeshalia, sambamba na kile cha kwenye kicheza muziki, na Toan akaanza kusoma majina uwanjani, wakati kwenye kicheza muziki mlango wa chuma ukifunguliwa. Thanh. Nipo. Thao. Nipo. Thuy. Nipo. Kati ya Thao na Thuy hakupumzika hata kidogo.

"Mmesikia wenyewe," alisema Khoat. "Alikuwepo, na alitumwa."

"Nimesikia. Sikatai, sauti ni yake." Bi Ngan alitoa faili, akalifungua, akaligeuza ili wasome. Kwenye orodha ya siku ile, mbele ya jina la Thuan, kisanduku kilikuwa kitupu, na karatasi ilikuwa na muhuri. "Sauti inasema nipo, karatasi inasema hayupo. Ofisi hii inafanya kazi na karatasi."

"Basi andika karatasi nyingine."

"Baba mdogo, ningeandika leo hii. Lakini kubadili maelezo ya ripoti anatakiwa mtoa maelezo mwenyewe, na kitambulisho chake."

"Toan si huyo hapo chini?"

"Toan ameshatoa maelezo yake na yamefungwa. Anayetoa maelezo mapya ni marehemu. Nitaandika namba gani ya kitambulisho?"

"Cha kwake tulikirudisha," alisema Bi Luyen. "Siku ya kuandikisha kifo. Mlisema ni lazima."

"Ndiyo, mama mkubwa. Ni lazima."

Alisema bila kejeli. Aliwasaidia kukunja waya, akawasindikiza mpaka ngazini, akamwambia Bi Luyen ashike vizuri ukingo kwa kuwa vigae vilikuwa vimelowa. Langoni, Bi Luyen alisimama mbele ya ubao wa kioo, akausoma ule mstari kana kwamba huenda umebadilika wakati yuko juu. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki ya Khoat, ruta mapajani.

Nyumbani Khoat alirudisha kila kitu mahali pake, akafungua kompyuta.

"Kutengeneza ni dakika mbili," alisema. "Redio naipa kumi na nane, Thuan abaki na kumi na saba yake. Cheo haitakata tena. Mzee atakula."

"Na Thuan?"

"Ataendelea kuingia kama kawaida. Hakuna atakayemfukuza."

"Nitamsikia?"

Khoat alikuwa mtu asiyejua kupaka maneno sukari, na hakuanza siku hiyo. "Hapana. Unamsikia kwa sababu kuna kosa. Nikiondoa kosa, atakosa pa kutokea."

Bi Luyen alimtazama mumewe. Mzee Dam alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, mdomo umefungwa.

"Acha hivyo hivyo," alisema.

"Uji utapoa kila siku, mama mkubwa."

"Nitaupasha."

Khoat alijaza fomu yake ya kazi kwa kalamu. Kwenye tatizo aliandika: wawili kwenye namba moja. Kwenye suluhisho aliandika: mwenye nyumba amekataa. Bi Luyen akatia sahihi, naye akavaa kandambili zake akaenda kwa mteja mwingine, mtaa wa pili, ambaye televisheni yake ilikuwa na kasoro ya kawaida.

Mwezi wa kumi Khoat alialikwa kwenye kumbukumbu. Bi Luyen alikuwa ameandaa sinia sita za wali wa kunata, kuku wa kuchemsha na supu ya machipukizi ya mianzi. Mbili tu zilipata watu. Ripoti ilikuwa bado langoni, kioo kimesafishwa.

Ilipokaribia saa nane kasoro robo, Bi Luyen aliwaacha wageni wakila, akachukua bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto kwenye swichi ya ukutani ya kicheza muziki. Cheo ikakata. King'ora kikalia. Thanh, Thao. Aliposikia nipo, mzee akafungua mdomo, na Bi Luyen akamtia kijiko kimoja. Kisha akazima swichi, kabla Toan hajamtuma mwanawe kwenye boila.

Alikaa hivyo, bakuli mapajani, mpaka saa nane na dakika ishirini ilipopita. Ndipo akawasha tena, akaenda kupasha uji.