Vitone Kumi na Kimoja

Mtu akistaafu, wenzake humwandikia hotuba ya kumuaga. Mama Faili, katibu muhtasi wa ofisi ile kwa miaka ishirini na sita, alijiandikia mwenyewe. Msishangae. Hotuba zote za Mkurugenzi aliziandika yeye, tangu za kufungua semina hadi za rambirambi, na bosi alipoambiwa kuna sherehe alimwambia tu, bila hata kuinua macho, amwandalie maneno kama kawaida.

Basi mama wa watu akajimwagia sifa! Uvumilivu, uaminifu, utunzaji wa siri. Sifa kumi na moja, hakubakiza. Aibu hakuona hata chembe. Alikuwa amemwalika dada yake mkubwa, ambaye kila Jumapili humwambia kwamba ofisi ile imemtumia kama ufagio na hakuna anayemjua pale. Alitaka dada asikie, walau mara moja, kwa kinywa cha mkubwa, kwamba anajulikana.

Sifa hizo aliziandika kwenye slaidi ili zionyeshwe ukutani: maandishi meupe juu ya buluu, na mbele ya kila sifa kitone chekundu, kwa madoido. Asubuhi ya siku yenyewe projekta ikagoma. Mama Faili wala hakubabaika. Akafungua programu ya kuandikia barua, akachapa kichwa cha habari, akanakili maneno yote ya slaidi pamoja na vitone vyake, akayabandika chini yake bila ile buluu, kisha akaamuru printa ichape huku amegeuka kuwakemea waliokuwa wanaburuta viti. Karatasi ikaingia kwenye faili la bosi, na bosi hakuwa na mazoea ya kusoma kitu kabla ya kukisema.

Ukumbini Mkurugenzi akafungua faili, akakohoa, akasoma kichwa cha habari kwa sauti nzito. Halafu akageuza karatasi, nyuma hakuna kitu. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na Mama Faili, aliyekaa safu ya kwanza, akaona kichwa cha habari na chini yake vitone vyekundu kumi na kimoja vimejipanga, basi. Maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe! Mungu wangu.

Sifa zote alikuwa amezikariri, na miguu ikaanza kuinuka yenyewe iende kumnong'oneza bosi, kama ilivyozoea miaka yote. Dada akamshika sketi.

"Kaa," akasema dada. "Leo mwache aseme mwenyewe."

Akakaa. Mkurugenzi alihangaika pale mbele mpaka ungemwonea huruma: akasema huyu ni mtu mzuri, akanywa maji, akasema tena ni mtu mzuri. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwisho akaiweka karatasi mezani.

"Mimi sijui kuhutubia," akasema. "Kila neno mlilowahi kunipigia makofi, aliliandika yeye. Hata hotuba ya leo nilimwachia aandike mwenyewe, na wala sikuona vibaya. Nisamehe, Mama Faili. Jumatatu nitaogopa kuja kazini."

Hakuna aliyecheka. Mama Faili aliinamisha uso akalia kwa furaha, kwa kwikwi, mbele za watu, wanja ukimchuruzika mashavuni. Dada akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama na hayo ya mwisho ameyaandika yeye.

"Hayo," akasema Mama Faili, "ni yake."