Anwani ya Saima

Barua ya kampuni ya makoti kutoka Colorado ilifika Machi, theluji ikiwa bado imeziba nusu ya dirisha. Walidai kwamba tuiskula.com ni alama yao ya biashara, waliyoisajili mwaka 2012, na kwamba mimi Reino Kangas, mzee wa miaka sabini na mmoja wa Hancock, Michigan, nimelikalia jina hilo kwa nia mbaya. Nilipewa siku ishirini za kujibu. Nikamimina kahawa, nikaenda kukoleza moto wa sauna, bafu letu la mvuke. Sikuhisi chochote.

Tuiskula ni jina la shamba la kina mke wangu, Saima. Nilimsajilia tovuti ya jina hilo mwaka 1999, kwa jina lake, auze soksi na glavu za sufu alizofuma. Alipofariki mwaka 2019 nilifanya kama tufanyavyo sisi Wafini wa huku: maiti haijapoa, makaratasi yameshapangwa. Nilifunga simu yake, nikarudisha kadi ya maktaba, nikahamishia jina la tovuti kwangu. Mtambo wake wa kufumia mazulia niliupeleka kanisani wiki ileile. Binti yetu Senja alikuta chumba kitupu. Akaendesha gari hadi Oregon, na hajanipigia tangu siku hiyo.

Hata hivyo, Senja bado anamwandikia mama yake. Kila mwezi inakuja baruapepe kwa anwani ya Saima ya tuiskula.com, ambayo sikuifunga kwa kuwa wateja wa soksi walikuwa bado wanauliza. Anamweleza habari za goti lake, za paka, za mume aliyeondoka. Nazisoma zote na sijajibu hata moja. Akijua msomaji ni mimi ataacha, na mimi sina kingine cha mwanangu.

Denise, mtoto wa jirani ambaye sasa ni wakili mjini Marquette, alikuja na faili lake. Nikampa pasti, andazi la kuoka lenye nyama na viazi.

"Mzee Reino, usafi wako wa makaratasi umetuponza," alisema. "Jina lingebaki la marehemu, tungekuwa tumewatangulia miaka kumi na mitatu. Ulivyolihamisha, wanasema umelisajili upya. Na ule ukurasa, umeuangalia lini?"

"Duka nililifunga. Basi."

"Ulifunga, waliokuuzia jina wakabandika matangazo yao hapo. Ya makoti, mzee, kama vile unawaibia wateja. Ungetafuta balaa kwa tochi usingelipata zuri kama hili."

"Tumeshindwa, basi."

"Bado. Nionyeshe kwamba familia inalitumia. Barua tu zinatosha. Kuna mtu anaandika kwenye hiyo anwani?"

Nikamwongezea pasti.

"Hakuna."

"Hata mmoja? Nyie Wafini mtakufa na neno mdomoni."

"Kula, inapoa."

Uamuzi wa shauri la jina ulikuja Mei kwa baruapepe, kurasa nane. Mwamuzi hakuona ushahidi wowote wa matumizi. Jina litahamishiwa kwa kampuni baada ya siku kumi za kazi. Denise akanipigia kunieleza kwamba barua zitakazokuja baada ya hapo zitawafikia watu wa makoti. Nikamshukuru, nikakata simu.

Siku tisa nilipasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilimwaza karani fulani Colorado akisoma habari za goti la Senja. Hapo ndipo niliposikia kitu kifuani, nacho kilikuwa hasira, tena ya kujikasirikia mwenyewe. Siku ya kumi nikakaa mezani, nikaandika kwa vidole viwili:

"Senja. Ni baba. Anwani hii inafungwa kesho. Barua zako nimekuwa nikizisoma mimi. Zote. Nisamehe kwa ule mtambo."

Nikatuma kabla sijajizuia. Nikachemsha kahawa. Sikuwa nimemaliza kikombe jibu lilipoingia.

"Baba, mama hakuwahi kugusa kompyuta maisha yake yote. Barua zake ulikuwa ukimfungulia wewe, unamsomea akiwa anafuma. Ulidhani nilikuwa namwandikia nani?"

Chini yake ilikuwa namba ya simu. Niliinakili kwa wino kwenye kalenda ya jikoni, nikaisoma tarakimu moja moja, kisha nikakaa nikiitazama, sijui naanza na neno gani.