Jina la Arobaini na Moja

Nasri bin Saud alimuua shangazi yake Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya watu wasiopungua sitini. Hakutumia kisu wala sumu. Alimtaja tu katika orodha ya marehemu, na shangazi mwenyewe, Bi Ghanima, yuko nyuma ya pazia na wanawake wenzake, anatia udi kwenye chetezo.

"Nasri," sauti ilitoka nyuma ya pazia, "mie sijafa, baba. Nangoja pilau."

Ukoo wao wa Chumbageni, Tanga, una ada yake. Kila mwaka kabla ya mwezi mtukufu, ndugu hukusanyika kuwarehemu wazee. Juzuu thelathini hugawiwa, kila mmoja akasoma yake, na hitma ikishasomwa huketi mtu mmoja katikati akayataja majina ya waliotangulia, kuanzia babu mkubwa aliyezikwa Pongwe mpaka yule aliyefariki karibuni zaidi. Kila jina likitajwa, watu huitikia, "Mungu amrehemu." Karatasi haina nafasi hapo. Babu yake Nasri aliyataja kwa kichwa, baba yake Saud aliyataja kwa kichwa, na Nasri naye alikuwa na mwaka wa ishirini na mbili akiyataja kwa kichwa, huku akiona kwamba bila yeye marehemu wote wangepotea njia. Majina yalikuwa arobaini. Mwaka ule yeye alifikisha arobaini na moja.

Watu wangecheka yakaisha. Lakini Faris, mtoto wa huyo huyo Bi Ghanima, alipomaliza kujifuta machozi ya kicheko alitoa hoja kwamba majina yaingizwe kwenye simu, na mwakani ayasome yeye. "Kaka Nasri amechoka," alisema, kwa heshima iliyomuuma Nasri kuliko tusi. Bi Ghanima ndiye aliyemwokoa. Alisema aliyeuawa ni yeye, hivyo hukumu ni yake: mwuaji apewe mwaka mmoja, na akikosea tena, Faris asome.

Mwaka huo ukaja na mambo yake. Mwezi wa Mfungo Sita, wiki moja baada ya maulidi, Samiha, mke wa Nasri, alilala na homa Jumatatu, na Alhamisi wakamzika. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane. Orodha ikawa na majina arobaini na moja ya haki.

Ndipo Nasri alipoanza kuiogopa Shaabani. Kuaibika alishazoea. Asichokitaka ni jina la Samiha kusomwa na Faris kwenye simu, katikati ya ujumbe wa ofa ya bando na salamu za kikundi cha mpira. Alitaka ampeleke yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kama alivyomsindikiza kila mahali tangu siku ya harusi.

Tatizo ni kwamba kichwa chenyewe hakikuwa kile cha zamani. Nasri alikuwa mtunza stoo ya vipuri bandarini kwa miaka thelathini, na namba za vipuri alikuwa nazo kichwani zote. Mafundi walikuwa wakimjaribu kwa makusudi, naye akijibu bila kuinua macho, kisha akijisifu mpaka wanajuta kumuuliza. Sasa alikuwa akiingia jikoni akasimama katikati kama aliyetumwa na mtu asiyemjua. Siku moja alikwenda msikitini na ndara moja yake na nyingine ya marehemu mkewe, akaswali, akarudi nazo hivyo hivyo. Hata wezi wa ndara hawakuzitaka. Alipojiona mlangoni na mguu mmoja wenye ua la plastiki, alicheka peke yake, kisha akakaa kizingitini muda mrefu.

Binti yake Jumana, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuja likizo wiki tatu kabla ya hitma. Alimwamkia baba yake shikamoo, akafungua begi, akatoa kidude cha duara, kipana kama sahani ya wali, chenye vitufe sita vya rangi.

Nasri alikitambua pale pale. Mwaka themanini na tatu, ndugu mmoja alirudi kutoka Maskati na kidude kama hicho, cha vitufe vinne tu: chekundu, kijani, njano na bluu. Kinawaka kimoja na kulia, unakibonyeza. Vinawaka viwili, unavifuata. Vijana wa Chumbageni na Makorora walikipigania mpaka betri zikaisha, na bingwa wao alikuwa Nasri, aliyefika kumi na saba. Samiha, wakati huo mchumba, aliambiwa habari hiyo mara nyingi kuliko alivyohitaji.

"Hiki ni cha kisasa, baba," Jumana alisema. "Kinaongea, na kinaungana na simu. Lakini mchezo ni ule ule. Kila raundi kinaongeza rangi moja mwishoni, na wewe unarudia zote tangu ya kwanza."

"Kama majina ya hitma," alisema Nasri.

"Kama majina ya hitma," Jumana alikubali, na wote wawili wakaangalia pembeni kidogo.

Alimuunganishia kwenye simu. Maandishi mengi yalitokea, yakiuliza hili na lile, na Nasri, asiyetaka binti yake ajue kwamba hayaoni vizuri, alibonyeza "Kubali" kila yalipotokea, kwa madaha ya mtu aliyeyasoma yote.

Kuanzia kesho yake, kila baada ya sala ya alfajiri, Nasri alijifungia chumbani na kile kidude. Siku ya kwanza alifika nne. Bingwa wa kumi na saba, nne! Kidude kilitoa mlio wa kuporomoka, na sauti ya kike ya Kiingereza, yenye huruma isiyo na ukoo naye, ikamwambia ajaribu tena. Alijaribu tena akapata tatu. Akakiambia kwamba taa zake ni dhaifu. Siku ya tatu alikilaumu kitufe cha zambarau, kwamba si rangi ya watu wazima. Siku ya tano alifika nane, akatoka chumbani akitembea kifua mbele, na Jumana alipomuuliza kulikoni akasema, "Hamna, mwanangu. Usingizi umenikubali."

Jumana, aliyekuwa akisikia milio yote kupitia ukutani, siku moja alimwambia, "Baba, wewe za nyuma hukosei. Hukosea ile mpya tu, ya mwisho."

"Ya mwisho huja haraka," alisema Nasri.

Wiki mbili zilipita hivyo. Asubuhi moja alikwenda kunywa kahawa kwa Jumbe, muuza kahawa aliyeoa katika ukoo wao. Jumbe alimjazia kikombe, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Leo tano tu, mzee? Na jana ulitupa raha kwa tisa!"

Kahawa ilimwingia Nasri kusikotakiwa kuingia kahawa. Alipomaliza kukohoa aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na halitaki, "Tisa ya nini?"

"Ya kile kidude chako. Si kinatuletea matokeo kwenye kundi?"

Kundi la ukoo kwenye simu lilikuwa na watu mia moja na kumi na wawili, wa Tanga, wa Mombasa, wa Maskati, na mmoja wa Kanada ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ni mtoto wa nani. Nasri alikuwa amelinyamazisha tangu msiba. Rambirambi zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na picha ya Samiha, naye hakuweza. Sasa alilifungua pale pale kwenye benchi la Jumbe. "Nasri amefikia 4, akakosea ya mwisho. Mtie moyo!" Chini yake mikono ya dua thelathini. "Nasri amefikia 3, akakosea ya mwisho. Mtie moyo!" Mmoja wa Maskati aliuliza kama mzee anaumwa. Siku aliyofika nane, kulikuwa na shangwe za Mombasa. Bi Ghanima, aliyekuwa na miaka themanini na minne na hajui kuandika kwenye simu, alikuwa ametuma sauti: "Mwambieni asicheze na njaa. Ale kwanza hata kipande cha muhogo." Na kila siku, bila kukosa, Faris alikuwa ameandika maneno yale yale: "Mungu amtie nguvu kaka yetu."

Nasri alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kwa wiki mbili alikuwa akificha aibu yake chumbani, kumbe ameitandika barabarani mpaka Kanada.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Jumana.

"Nilidhani unajua, baba. Ulibonyeza Kubali mwenyewe."

"Mimi nabonyeza Kubali ili nisionekane mjinga!"

Jumana alijitahidi asicheke, akashindwa, na Nasri baada ya kununa kidogo akacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko cha watu wawili tangu Mfungo Sita. Lakini usiku haukufika kabla hajaamua: ada na iende zake, ataandika. Alichukua karatasi na kalamu, akayapanga majina yote kwa mwandiko wake mzuri wa stoo. Alipohesabu, yalikuwa arobaini. Akahesabu tena, arobaini. Akayapitia moja moja toka Pongwe, hakuona kosa, na ndipo alipotazama nafasi tupu chini ya karatasi akaelewa ni nani aliyekosekana. Alishika kalamu tena. Aliishika muda mrefu. Kisha akaikunja karatasi vile vile ilivyo, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Ijumaa ya hitma nyumba ilijaa. Juzuu zilisomwa, udi ukafukizwa, harufu ya pilau ikawafanya wasomaji wa juzuu za mwisho waongeze mwendo. Kisha Nasri akaketi katikati. Faris alikaa kushoto kwake, simu mkononi, ameigeuza kifudifudi kwa adabu. Nyuma ya pazia palikuwa kimya kupita kawaida ya wanawake sitini na sufuria nne.

Nasri hakuitoa karatasi. Alifumba macho akaanza na babu mkubwa wa Pongwe.

"Mungu amrehemu," watu waliitikia.

Akaenda. Baba akafuatwa na mwana, ndugu wa Makorora wakafuatwa na wake zao, na watoto waliokufa wachanga kila mmoja akapata zamu yake. Kumi. Kumi na saba, bingwa wa zamani alipoishia. Ishirini na tano. Alipokaribia pale alipomuua shangazi yake mwaka jana, watu walivuta pumzi, na yeye akapita salama, na mtu mmoja akasema "Masha'Allah" kabla ya wakati. Thelathini na tisa. Arobaini.

Nasri akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Watu walisubiri. Mzee mmoja alikohoa. Wote waliokuwa kwenye lile kundi walijua vizuri kilichotokea, kwa sababu walikuwa wamekiona wiki mbili mfululizo: Nasri hukumbuka za nyuma zote, ya mwisho humponyoka. Faris aliigeuza simu yake taratibu, akaisogeza gotini kwa Nasri. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Macho ya Faris yalikuwa yamejaa maji, na Nasri, aliyekuwa amemchukia mwaka mzima kwa raha zake, alijiona mpumbavu wa kutosha kujaza orodha nyingine.

Aliisukuma ile simu pole pole.

"Sijasahau," alisema. "Wallahi sijasahau, Faris. Hata nikisahau langu, jina hili nitalikumbuka. Ila nikilitaja hapa, nikasikia nyote mnaitikia, basi amekwisha kufa."

Jumana alikuwa akilia nyuma ya pazia, na baba yake alimsikia. Kisha chetezo kikawekwa chini kwa kishindo.

"Nasri, mwanangu," alisema Bi Ghanima. "Mie ulinitaja mwaka jana mbele ya watu wote hawa, wakaniitikia. Nimekufa?"

Mahali pale palitaka kulia, pakashindwa kujizuia, pakacheka. Kicheko kilianzia kwa wanawake kikavuka pazia, na Nasri mwenyewe alicheka mpaka mabega yakatikisika, machozi yakimshuka ndevuni, asijue ni ya kipi.

"Hujafa, shangazi," alisema alipoweza.

"Basi mtaje mwenzangu. Mtu hafi kwa mdomo wako, usijipe cheo."

Nasri alijifuta uso kwa ncha ya kanzu. Akaketi sawasawa.

"Samiha binti Sabiri," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

"Mungu amrehemu," waliitikia wote, na sauti ya Faris ilikuwa juu kuliko zote.

Pilau ilipokwisha kuliwa na wageni kuaga, Jumana alikuja kukaa ukumbini karibu na baba yake. Bi Ghanima alikuwa kitini mbele yao, anasubiri kupelekwa kwake, ananusa vidole vyake vilivyokuwa na harufu ya udi.

"Mtu wa Kanada anauliza kwenye kundi," Jumana alisema. "Anataka kujua leo umefika ngapi."

"Mwandikie arobaini na moja."

"Na mwakani anauliza utajaribu ngapi."

Nasri alimtazama shangazi yake, aliyekuwa amesinzia kidogo na viatu vyake mkononi.

"Mwambie mwakani naomba kubaki hapo hapo," alisema.