Ibada ya Oktoba

Verlyn alifariki Jumanne moja ya Julai, Arizona ikiwaka kama tanuri. Mkewe, Ardis, alikimbia nje kuita majirani, akakuta nyumba zote za mtaa ule wa wastaafu zimefungwa. Kila kiangazi wenzao hukimbia joto na kurudi kwao kaskazini. Wao wawili walikuwa wameshauza nyumba yao ya Minnesota, huko kaskazini.

"Waoga hao!" Verlyn alizoea kuwacheka. "Magoti yangu yamepona hapa. Sirudi kwenye theluji hata kwa dawa."

Ardis akampigia simu Lorna, jirani wa mkono wa kulia.

"Pole, dada yangu. Tafadhali, usifanye ibada ya kumuaga bila sisi."

"Na leo nitakaa na nani?"



Mwili wa Verlyn umeshachomwa, na majivu yake yako chumbani. Ibada itafanyika Oktoba, majirani wakisharudi.